Amani Inayoombewa Likoni ni ya Nani?

Juni 2024, vijana waliopita Moi Avenue, Mombasa, kuelekea Pembe za Ndovu hawakuhitaji mtunzi wa nyimbo. "Zakayo shuka!" ilitosha. Mtoza ushuru wa Yeriko aliyeparamia mkuyu ili amwone Yesu akipita alikuwa amegeuzwa Rais wa Jamhuri, William Ruto, na hakuna aliyelazimika kumweleza mwenzake kisa hicho. Walikisikia sandeskuli, wakakiigiza mbele ya wazazi wao, wakakua nacho.

Wachambuzi waliyaeleza maandamano yale kuwa ya mitandao ya kijamii, yasiyo na kabila wala kiongozi. Sawa. Ila walisahau kwamba lugha yake ilikuwa ya kanisani. Katika sensa ya 2019, Mkenya mmoja kati ya kila watano alijitaja kuwa wa makanisa ya kiinjili, na theluthi nyingine wakajitaja Waprotestanti. Watoto wa nyumba hizo walikuwa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Rais naye ni wa nyumba hizo hizo; aliingia Ikulu Septemba 2022 kwa maombi na nyimbo za sifa, na makanisa ya wokovu, yaani ya kiinjili na ya kipentekoste, yakashangilia kwamba hatimaye mtu wao amekalia kiti. Kwa hiyo Bunge lilipovamiwa Juni 25 na risasi zikafyatuliwa, kanisa lilijikuta pande zote mbili za bunduki. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60 vilivyohusishwa na maandamano ya mwaka ule.

Jibu la wachungaji wengi wa Mombasa lilikuwa lile la siku zote: mkesha wa kuombea amani, kikao na waandishi wa habari, wito kwa "pande zote" zitulie. Warumi 13, sura inayotaka kila mtu aitii mamlaka, ikasomwa. Sina ugomvi na maombi. Nataka kujua tu amani inayoombwa ni ya nani, na anayeiomba anamwogopa nani. Nadhani jibu la Mombasa si sawa na la Nairobi, na nadhani ndilo linaloeleza kwa nini makanisa yetu huikimbilia serikali kila nchi inapotikisika.

Anzia Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, Agosti 13, 1997. Usiku ule wavamizi walishambulia kituo cha polisi, wakachukua silaha, kisha wakaanza kuwasaka watu wa bara. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika vurugu zile tunazoziita Kaya Bombo, na wapatao 100,000 wakahama makwao. Maelfu walijihifadhi kwenye kanisa Katoliki la Likoni. Waliokimbia walikuwa Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu: watu wa bandarini, walinzi, wapishi wa hoteli, walimu. Ni watu hao hao, pamoja na watoto wao, waliojaza makanisa ya kipentekoste ya Changamwe, Mikindani, Magongo, Bamburi na Likoni yenyewe.

Sisemi wokovu ni dini ya wabara. Nenda Kaloleni au Ganze Jumapili uone Wagiriama wanavyocheza mbele za Bwana. Lakini hapa mjini, kanisa la mabati lililobanwa kati ya nyumba za kupanga limekuwa ukoo wa mtu aliyefika bila ukoo. Linamtafutia chumba, linamchangia maiti isafirishwe hadi Siaya au Busia, linamsimamia harusi. Mchungaji wake mara nyingi ni mlinzi wa usiku au dereva wa tuktuk siku za wiki. Kanisa la namna hiyo huitazama siasa kwa macho ya mpangaji: kodi imelipwa, mwenye nyumba hajaudhika, watoto wasipige kelele. Kila uchaguzi unapokaribia, na hasa ile miaka ya "Pwani si Kenya", kauli ya waliotaka Pwani ijitenge, mpangaji hukumbushwa kwamba kuna anayemhesabu kuwa mgeni hata kama amezaliwa hospitali ya Makadara, hapa hapa kisiwani.

Ndiyo maana wachungaji wetu wanaipenda sana barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli, ile sura ya 29, inayowataka waliohamishwa wauombee amani mji walimo, kwa kuwa amani ya mji ndiyo amani yao. Naielewa kabisa. Ila Yeremia huyo huyo aliwashutumu manabii waliotangaza amani mahali pasipokuwa na amani, na mahubiri ya sura hiyo bado nayasubiri.

Kisha hofu ikapata sababu mpya. Agosti 27, 2012, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa aliyeshutumiwa kuwaunga mkono al-Shabaab, aliuawa kwa risasi barabarani, na katika ghasia zilizofuata makanisa kadhaa yakavamiwa. Oktoba 2013, siku moja baada ya kuuawa kwa Sheikh Ibrahim Omar, kanisa la Jeshi la Wokovu la Majengo likachomwa moto. Machi 23, 2014, wenye bunduki waliingia ibadani katika kanisa la Joy in Jesus, Likoni, wakaua waumini sita. Kipindi hicho kulikuwa na wachungaji wa Mombasa walioiomba serikali hadharani iwape bunduki. Walichopata ni polisi langoni. Tumezoea hadi hatushangai: askari na bunduki yake chini ya mwarobaini, mhudumu na kifaa cha kukagua vyuma, mkoba unafunguliwa, halafu "Bwana asifiwe, karibu."

Mtu akilindwa hivyo kila Jumapili kwa miaka kumi, haishangazi akimwona anayemlinda kuwa upande wa Mungu. Lakini miaka hiyo hiyo vijana wa Kiislamu walikuwa wakitoweka Majengo, Kisauni na Likoni. Wengine walichukuliwa na watu waliovaa kiraia, wakaondoka nao kwenye magari yasiyojulikana. Wengine walipatikana wakiwa maiti. MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya haki yenye makao hapa hapa, ndiyo yaliyoyaandika majina hayo. Mwaka 2015 serikali ilizifunga akaunti zao za benki, na hazikufunguliwa hadi Mahakama Kuu ya Mombasa ilipotoa amri mwishoni mwa mwaka. Sikumbuki mkesha wowote wa makanisa ya wokovu kwa ajili ya akina mama wa Majengo. Wapo wachungaji waliokaa meza moja na mashehe, Wahindu na wazee wa kaya katika CICC, lile baraza la viongozi wa dini za Pwani lililotokana na majeraha ya 1997, na kazi yao si ndogo. Ila waumini wa Mikindani hawaendi barazani. Huenda kanisani, na huko mada hiyo haikugusa kipaza sauti.

Mwaka 2024 mtindo ukawa wa nchi nzima. Tume ya haki iliorodhesha watu 82 waliotekwa kati ya Juni na Desemba. Lile gari lisilojulikana likaanza kusimama nje ya nyumba za waliookoka, na mama aliyekesha akiiombea serikali akajikuta anazunguka vituo vya polisi na picha ya mwanawe kwenye simu. Alipomgeukia mchungaji wake, mchungaji hakuwa na zoezi. Hajawahi kuandika barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Hajui wakili. Hajui kwamba ofisi ambayo ingemsaidia iko mtaa wa pili, na wahusika wake ni wale aliokuwa akiwashuku.

Kwa nini hakuwa na zoezi hilo? Hapa lazima turudi kwenye kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, kwa sababu ndiko makanisa ya kiinjili yalikojifunza siasa. Yalisimama pamoja na viongozi wengine wa Kikristo kuikataa Katiba mpya kwa sababu mbili, utoaji mimba na Mahakama za Kadhi. Kwa Mombasa, sababu ya pili ilikuwa ya jirani kwa jirani. Mahakama za Kadhi hapa si jambo la kinadharia. Zilikuwepo kabla ya Kenya, na zililindwa katika makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya serikali za Zanzibar na Kenya, wakati ukanda wa maili kumi wa Pwani ulipokabidhiwa Kenya. Mwanamke wa Kibokoni anayedai urithi wake mbele ya kadhi hamnyang'anyi Mpentekoste wa Bamburi chochote. Hata hivyo kampeni iliendeshwa kana kwamba ni hivyo, na Pwani ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoikubali Katiba kwa kura nyingi. Makanisa yalishindwa, na yalishindwa yakiwa yamewanunia majirani zao.

Ila hayakutoka mikono mitupu. Mwanasiasa aliyezunguka nchi akiwa mstari wa mbele wa upande mwekundu, upande wa "La", aliitwa William Ruto. Urafiki wa madhabahu na mwanasiasa huyo ulikomaa katika kampeni ile, ukakua harambee baada ya harambee, ukavuna 2022. Somo ambalo makanisa yaliondoka nalo mwaka 2010 lilikuwa kwamba ukishindwa kwa kura, tafuta mtu wako aingie Ikulu. Kuisoma Katiba yenyewe halikuwa somo. Sasa tazama mambo yalivyogeuka: kijana aliyesimama Moi Avenue alikuwa ameshika Kifungu cha 37 cha Katiba ile ile, kinachompa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na maaskofu wanaopinga sheria ya kusimamia makanisa hukinukuu Kifungu cha 32 cha uhuru wa kuabudu. Wote wanakula matunda ya mti ambao makanisa yalitaka ukatwe.

Kuhusu pesa, sitachukua muda mrefu kwa kuwa kila mtu aliona. Julai 2024, akiwa bado anatafuta namna ya kuwatuliza vijana, Rais alitangaza kuwa maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Machi 2025 akatoa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner, Roysambu, na vijana walipokwenda kulalamika Jumapili iliyofuata wakapokewa kwa vitoa machozi. Katikati ya matukio hayo mawili, Novemba 2024, maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali iliyoishutumu serikali kwa utamaduni wa uongo, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akakataa mchango ambao Rais alikuwa ameutoa katika parokia ya Soweto. Waanglikana walishapiga marufuku hotuba za wanasiasa ibadani tangu 2021. Julai 2025 ikabainika kwamba kanisa linajengwa ndani ya Ikulu, nchi ambayo Kifungu cha 8 kinasema haina dini ya taifa, na Rais akajibu kuwa pesa ni zake na haombi radhi kwa kumjengea Mungu nyumba.

Wachungaji wa makanisa madogo hukasirika wakilinganishwa na Roysambu, na wana haki. Hakuna mheshimiwa aliyewahi kupeleka milioni 20 mtaa wa Bangladesh, Mikindani. Huko huja na elfu hamsini na viti vya plastiki, mara moja katika miaka mitano, na viti hivyo ndivyo vinavyokaliwa matangani. Ukimwambia mchungaji wa Bangladesh akatae, atakuuliza ni nani atakayelipa kodi ya kiwanja, na Katoliki lenye dayosisi, shule na mashamba halina la kumfundisha hapo. Hoja hiyo nzito naipokea. Lakini elfu hamsini nazo huja na masharti yake. Aliyezileta hupewa kipaza sauti mbele ya watu ambao hawakuja kumsikiliza, na siku vijana wao watakapotekwa, mchungaji atampigia simu yeye badala ya kwenda mahakamani. Hapo ulinzi wa mkubwa mmoja unachukua nafasi ya sheria. Na mkubwa huhama: Mombasa ya 2022 ilikuwa ngome ya upinzani, na kufikia Agosti 2024 Hassan Joho, gavana wake wa zamani aliyekuwa wa upinzani huo, alikuwa waziri katika serikali ya Ruto.

Kuna jambo la pili ambalo pesa huficha, nalo ni Shakahola.

Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu ulio upande wa Malindi, kaunti ya Kilifi, na idadi ya miili ikapita 400, wafuasi wa kanisa la Good News International la Paul Mackenzie walioambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Mackenzie alikanusha mashtaka, na kesi zimekuwa zikisikilizwa katika mahakama za Mombasa, ikiwemo ile ya Shanzu. Watu wa haki za binadamu, HAKI Africa wakiwemo, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga kelele kuhusu msitu ule. Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo: shirika la Mombasa lililokuwa limefungiwa akaunti kwa kutetea vijana wa Kiislamu lilikuwa msituni likitafuta maiti za Wakristo.

Msiba ule haukuletwa na serikali peke yake wala na shetani peke yake. Mackenzie alikuwa amekamatwa na kuachiliwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023, na hilo ni la vyombo vya dola. Lakini alihubiri kwa miaka mbele ya macho ya wachungaji wenzake. Katika makanisa ya wokovu hakuna anayemwuliza mwenzake. Kila askofu ni askofu wa kanisa lake, alilolianzisha sebuleni kwake, na "usimguse mpakwa mafuta" inamaliza mjadala. Serikali ilipoleta kanuni za kusimamia makanisa mwanzoni mwa 2016, zikidai elimu ya theolojia na cheti cha tabia njema, makanisa ya kiinjili yalipinga hadi zikaondolewa. Baada ya Shakahola, jopo la Rais lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi lilikabidhi ripoti Julai 2024, na mswada wa mashirika ya dini ukafika Seneti. Upinzani ukarudi pale pale, kwa maneno yale yale.

Naogopa nami kuikabidhi serikali hii ufunguo wa makanisa. Serikali iliyoteka vijana haiwezi kuaminiwa kuamua nani ahubiri. Lakini anayeikataa sheria ana deni la kuonyesha badala yake. Yako wapi maadili ya wachungaji wa Pwani yaliyokubaliwa na kutiwa saini? Nani alisimamishwa utumishi na wenzake tangu 2023 kwa kuwazuia wagonjwa wasiende hospitali? Kanisa linalodai hesabu za Mswada wa Fedha lazima liweze kusoma za kwake, na vijana wa Gen Z wamelielewa hili haraka kuliko maaskofu. Walipopaza sauti makanisani Juni 2024 wakitaka wanasiasa wanyimwe mimbari, walikuwa wanaliuliza kanisa swali lile lile walilowauliza wabunge.

Anayedhani kwamba Mkristo wa kiinjili wa Pwani amekuwa mtiifu kwa mamlaka tangu zamani amesahau Rabai, kituo cha kale cha misheni karibu na Mombasa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka 1875 wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, wakaanzisha Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Jina la mtaa wa Kengeleni linatokana na kengele ya pale. Kazi hiyo ilikuwa na kibali. Isiyokuwa na kibali ilifanywa Rabai, ambako watumwa waliowatoroka mabwana zao wa pwani walipokewa na kufichwa, kinyume cha sheria za wakati huo na mara nyingi kinyume cha amri za wamisionari wazungu walioogopa kuwaudhi watawala. Mhusika mkuu alikuwa William Jones, Mwafrika aliyeuzwa akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa India, kisha akawa mtumishi wa kanisa Rabai. Kampuni ya Waingereza ilipoanza kutawala mwaka 1888, ilikuta watoro wapatao 1,400 katika vituo vya misheni, na ikalazimika kuwalipa mabwana fidia ili watu wale waachwe huru. Jones aliijua Warumi 13 kama tunavyoijua sisi. Alijua pia jina la kila aliyebisha hodi usiku.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na wageni waheshimiwa wameanza kuonekana viti vya mbele. Mchungaji wa Bangladesh ana jibu moja ambalo ni gumu kulivunja: nikimkataa mimi, kanisa la jirani litampokea, na waumini wangu watafuata viti. Ni kweli. Waanglikana na Wakatoliki waliweza kwa kuwa neno la askofu mmoja huteremka hadi parokia ya mwisho. Sisi hatuna neno hilo, na kungojea Nairobi iamue ni kupoteza wakati.

Kwa hiyo maafikiano lazima yawe ya mtaa. Kila eneo la mji huu, Likoni, Changamwe, Kisauni, lina ushirika wake wa wachungaji; hukutana, huomba, huandaa mikutano ya injili ya pamoja, na hata hugawana spika. Kikao kimoja cha ushirika huo kinatosha kukubaliana kwamba hakuna mwanasiasa atakayeshika kipaza sauti katika kanisa lolote la eneo hilo, kwamba mchango wowote unaopita kiasi fulani utaandikwa na kusomwa mbele ya washirika, na kwamba kijana yeyote akitekwa, wachungaji watatu watakwenda kituoni pamoja na wakili siku hiyo hiyo, hata kama kijana huyo huswali Masjid Musa, msikiti wa Majengo alikohubiri Rogo.